Mtambuu wa uani: majani manjano, na haushiki ukuta

Swali (Lamu, Mkomani)
Assalaam aleikum. Nina mtambuu uani, kwenye chungu cha lita 20, karibu na ukuta wa chokaa. Udongo ni mchanga wa hapa hapa na samadi ya punda. Nautilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Majani machanga yanatoka manjano, mishipa tu ndiyo kijani. Ya zamani yanaungua kingo. Tena haushiki ukuta, unaning'inia tu. Niongeze mbolea?

Jibu la 1
Waaleikum salaam. Mbolea usiongeze, utatia chumvi juu ya chumvi. Kingo zilizoungua ni chumvi ya kisima, na samadi mbichi huizidisha. Mimina polepole maji ya mvua, ya jabia au ya tangi la paa, kama lita 40, yatoke yote chini. Kisha endelea na maji hayo hayo.

Umanjano wa majani machanga ni jambo jingine. Mchanga wetu una matumbawe, na ukuta unamwaga vumbi la chokaa chunguni. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Wako watu hufukia misumari yenye kutu: haisaidii, kwa sababu kutu nayo haiyeyuki kwenye udongo wa chokaa. Badilisha udongo.

Jibu la 2 (Malindi)
Naam, na ukibadilisha, anza na kipandikizi. Kata kipande cha shina lisilo na ugonjwa, chenye vifundo vitatu hadi vitano, fukia viwili, weka kivulini. Udongo: debe mbili za udongo wa shamba usio na matumbawe, moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu, moja ya majani yaliyooza.

Ukuta hauushiki kwa sababu ni mkavu na unapata joto. Vijizizi vya kwenye vifundo hushika kitu chenye unyevu. Simamisha boriti, ivishe makumbi, ufunge kila kifundo kwa kamba ya mgomba, bila kukaza. Angalizo: makumbi yaliyovundikwa pwani kwa ajili ya kamba yamejaa chumvi. Yaloweke maji yasiyo na chumvi, uyabadilishe maji mpaka ukionja hayana chumvi. Boriti iliyotoka baharini karibuni, vivyo hivyo. Kaskazi ikivuma, rashia makumbi kila siku.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Shina limeanza weusi pale linapogusa udongo, na chungu kina sahani chini. Nipulize dawa ya ukungu?

Jibu la 1
Toa hiyo sahani leo. Huo ni uozo wa shina, unaletwa na maji yaliyotuama, na dawa haifufui shina lililokwisha kuoza. Vipandikizi vichukue juu kabisa, mbali na weusi, kwa kisu ulichokichovya maji ya moto. Udongo ule utupe, usiutumie kwa mche mwingine. Na dawa kwenye jani linalotafunwa bichi, mimi siungi mkono hata kidogo.

Jibu la 2
Tena maji yasiende kwa saa. Ingiza kidole: ukiona pingili ya kwanza imetoka kavu, ndipo utie. Tambuu chuma za chini zilizokomaa, pamoja na kikonyo chake. Mti ukishapita boriti, ushushe, ulikunje shina tupu la chini na kulifukia. Litatoa mizizi mipya.