Utitiri na Tuta kwenye kivungulio, Nakuru: dawa, wadudu wawindaji au ning'oe tu?

MkulimaKiamunyi
Wadau, hamjambo. Nina kivungulio cha mita 8 kwa 15 nyuma ya nyumba, Kiamunyi hapa Nakuru. Nimepanda nyanya aina ya Anna F1, miche kama 480. Hii ni wiki ya kumi na moja tangu niihamishe kutoka kitaluni, na vishada vya chini vimeanza kuiva.

Wananisumbua wadudu wa aina mbili. Wa kwanza ni Tuta, nondo ambaye kiwavi wake anakula jani kwa ndani. Majani yana mapito meupe, na ukiliinua jani juani unamwona kiwavi ndani anatambaa kama mtu aliyejifunika shuka. Wa pili ni utitiri, vijidudu vidogo mno vinavyofyonza majani. Majani ya juu yaligeuka manjano, sasa yana rangi ya shaba, na upande wa chini kuna utando kama wa buibui. Nimepulizia dawa ya wadudu ya lambda-cyhalothrin kila Jumamosi kwa wiki sita. Tuta hawajali, na utando ndio kwanza unazidi.

Naona njia tatu. Nibadilishe dawa. Ninunue wale utitiri wawindaji wanaotumiwa kwenye mashamba ya maua Naivasha, nasikia si rahisi kwa mfuko. Au ning'oe kila kitu, nipumzishe udongo na nianze upya. Mwenye uzoefu anipe ukweli, asinipe matangazo.

Dogo_wa_Njoro
Bosi, umefunga plastiki pande zote, taa inawaka usiku, halafu unauliza habari za utitiri? Jirani zako wanajua ni nyanya kweli? 😂

MkulimaKiamunyi
Usicheke. Mwezi wa kwanza mzee wa nyumba kumi alikuja na askari wawili, kuna aliyewaambia nalima bangi. Wakaingia, wakatazama, wakatoka na ndoo ya nyanya. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 haina mchezo na mambo hayo, kwa hiyo tangu siku hiyo mlango unabaki wazi kila mtu aone.

Mzee_wa_Bahati
Kijana wangu, nimelima nyanya tangu kabla Tuta hajaingia Kenya mwaka 2014. Alipokuja nilipulizia mpaka bomba likachoka. Hizo dawa za jamii ya lambda hazimfanyi kitu. Kwanza amezizoea, pili yuko ndani ya jani, dawa inabaki juu ya ngozi.

Mimi nilitulia nilipoanza kuzungusha. Kwenye kibandiko cha dawa huwa kuna namba ya kundi, inayoonyesha dawa inavyomuua mdudu. Chlorantraniliprole ni 28, spinosad ni 5, abamectin ni 6. Kundi moja ulitumie kwa kizazi kimoja cha mdudu, yaani kama mwezi, kisha uhamie lingine. Watu wanabadilisha jina la chupa wakidhani wamebadilisha dawa, kumbe ndani ni kilekile. Abamectin itakusaidia kwa wote wawili, Tuta na utitiri. Lakini una nyanya zinazoiva! Soma siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mtu akikwambia "vuna kesho tu, mteja hajui", mwambie aanze yeye kuila.

Mama_Atieno
Salamu kutoka Kisumu. Mimi nililia na kivungulio cha plastiki misimu miwili, nikakiuza. Huku kwetu tuko mita 1,100 na kitu juu ya bahari, ninyi Nakuru mko zaidi ya 1,800. Saa nane mchana ndani ya plastiki nilikuwa siwezi kusimama dakika kumi, na joto likivuka nyuzi 35 maua yanadondoka yenyewe. Utitiri nao unapenda joto na ukavu. Kwenye baridi ya kwenu kizazi kinaweza kuchukua wiki mbili au tatu, kwangu kilikuwa wiki moja.

Siku hizi nina nyumba ya neti tupu, juu na pembeni. Mvua inaingia, kwa hiyo ukungu wa majani ninao, siwadanganyi. Ila hewa inapita na utitiri umepungua sana. Wewe wa Nakuru una baridi na mvua ya mawe, plastiki ya juu inakufaa. Fungua tu hizo pembeni uweke neti.

Mwarobaini natumia. Mafuta yake, sabuni ya maji kidogo ili yachanganyike, jioni jua likitua, na unapulizia upande wa chini wa jani. Ni kazi ya kurudia kila siku tano au saba. Kwa wadudu wachache unafaa. Kwa utando ulioufikia wewe, ndugu yangu, ni kama kufagia uwanja wakati wa upepo.

Fundi_Neti
Nafunga vivungulio Lanet hadi Rongai. Naomba kuuliza swali la kifundi: una mlango mmoja au miwili? Nikiitwa mahali kuna Tuta, mara nyingi nakuta mlango mmoja, na mwenyewe ameufunga wazi kwa kamba ili apate hewa. Na wewe umesema wako unabaki wazi!

Tuta ni nondo, anatembea jioni na alfajiri. Unahitaji kijumba kidogo cha neti mbele ya mlango, hatua mbili, ufunge wa nje ndipo ufungue wa ndani. Askari wakitaka kuona, wataona kupitia neti.

Binti_wa_Webuye
Nilikuwa skauti wa wadudu kwenye shamba la maua Naivasha miaka minne. Kazi yangu ilikuwa kutembea na lenzi shingoni na kuhesabu wadudu jani kwa jani. Kabla hujanunua chochote, fanya hivi. Chukua karatasi nyeupe, gonga jani juu yake mara tatu, ngoja kidogo. Vitakavyoanza kutembea viangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Kisha njoo utuambie rangi.

MkulimaKiamunyi
Nimefanya asubuhi hii kwa lenzi ya mtoto ya shule. Ni wekundu. Wengi ni kama vumbi la tofali linalotembea. Nikipitisha kidole kwenye karatasi kinaacha mstari wa rangi ya chungwa.

Binti_wa_Webuye
Nilihofia hivyo. Rangi peke yake haitoshi kuapa, lakini wekundu hivyo, kwenye nyanya, na utando mzito unaopanda hadi ncha, nadhani ni Tetranychus evansi. Wa waridi na maharagwe ni mwingine, Tetranychus urticae, mara nyingi kijani-manjano mwenye madoa mawili meusi ubavuni.

Tofauti hiyo ndiyo pesa yako. Mwindaji anayetumika zaidi kwa maua ni Phytoseiulus persimilis. Kwa urticae ni simba kabisa. Nimewaona wakisafisha kitalu cha waridi mpaka unakosa cha kuhesabu. Lakini huyo mwindaji hapendi evansi, akimla hazai vizuri. Tena shina la nyanya lina vinywele vyenye gundi, mwindaji anatembea kama mtu kwenye lami mbichi. Ungenunua chupa, ungemwaga, na baada ya wiki mbili ungesema wadudu wawindaji ni uongo. Yuko ndugu yake aliyetoka Brazil, Phytoseiulus longipes, ambaye anamla evansi vizuri, lakini mimi sijawahi kumwona dukani.

Sasa kuhusu hizo Jumamosi sita. Dawa za jamii ya lambda zinaua maadui wa utitiri, wale wadudu wadogo wa bure waliokuwa humo bila wewe kujua, na utitiri wenyewe zinauacha. Tuta hakufa, mlinzi akafa, utitiri ukapata shamba. Hayo matatizo yako mawili yanatoka kwenye bomba moja.

Mzee_wa_Bahati
Binti, hapo umenifunza na mvi zangu. Mimi nilikuwa nadhani utitiri unaletwa na kiangazi tu.

Binti_wa_Webuye
Kiangazi kinachangia, mzee wangu, hujakosea.

Njia ya kibiolojia ipo, ila si ya mwindaji. Kuna kuvu inaitwa Metarhizium, aina ya ICIPE 78, iliyotoka kwenye utafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, na inauzwa kwa jina la Achieve. Inamwotea mdudu mwilini. Inapuliziwa jioni, inataka unyevu, na usiichanganye na dawa ya ukungu kwa sababu utaiua yenyewe. Ila haikimbii, hesabu siku kadhaa kabla hujaona kitu. Ningekuwa wewe ningeanza na abamectin mara moja au mbili kwenye sehemu zilizoungua tu, ningoje siku za kibandiko, kisha niendelee na kuvu.

Na swali la mwisho: nje ya kivungulio, karibu na mlango, kumeota nini?

MkulimaKiamunyi
Managu ya mama, yaani mnavu. Kitanda kizima, hatua tatu kutoka mlangoni. Anachuma kila jioni.

Binti_wa_Webuye
Haya basi. Managu na nyanya ni ukoo mmoja. Evansi anaishi kwenye managu na Tuta pia anataga humo. Geuza majani ya chini uangalie.

Mama_Atieno
Osuga, ndivyo tunavyoyaita managu huku! Ni kweli kabisa. Nami nilikuwa nayo kando ya neti, nikaona utitiri kule kwanza kabla ya nyanya. Ila mwambie mama yako taratibu, mboga ya mtu haing'olewi kwa amri.

Dogo_wa_Njoro
Na hili la kung'oa zote mmelirukaje? Mjomba wangu aliambiwa ang'oe nyanya zilizonyauka kwa sababu ya wadudu, kumbe ulikuwa mnyauko wa bakteria. Msimu uliofuata zikanyauka tena, udongo uleule.

Fundi_Neti
Huo wa bakteria unaupima kwa glasi. Kata shina karibu na ardhi, lining'inize kwenye maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni bakteria, na hapo hakuna dawa ya kupulizia. Wateja wangu waliopatwa na hilo wamehamia kupanda kwenye mifuko yenye udongo kutoka kwingine, au wanatumia miche iliyounganishwa kwenye shina la mmea mwingine unaostahimili.

MkulimaKiamunyi
Nimepima miche mitatu iliyolegea. Maji yamebaki safi. Namshukuru Mungu.

Mzee_wa_Bahati
Basi using'oe zote. Ng'oa zilizokufa juu, uziweke kwenye gunia la plastiki humohumo ndani, ufunge, ndipo utoe. Usiburute mmea wenye utitiri katikati ya mistari, unapanda mbegu. Gunia liache juani siku kadhaa. Ukishavuna msimu wote, ndipo umwagilie udongo, ufunike kwa plastiki nyangavu wiki nne hadi sita, na kivungulio ukifunge kabisa kipike. Tuta wengi hugeukia kuwa bundo humo udongoni.

Na mtego wa harufu weka, sinia la maji na sabuni kidogo chini ya kile kiraba chenye harufu ya nondo jike. Uweke chini karibu na ardhi. Usiuweke mlangoni, utawakaribisha. Unavuta madume tu, kwa hiyo usiutegemee kumaliza kazi. Mimi nahesabu kila asubuhi, namba ikipanda najua wiki ijayo kuna kazi.

MkulimaKiamunyi
*(wiki tano baadaye)*
Nimerudi na majibu. Niling'oa miche 57. Nilipulizia abamectin mara mbili upande wa mashariki peke yake, ndiko kulikoungua, na kule sikuvuna mpaka siku za kibandiko zikaisha. Kisha nikapiga kuvu mara tatu, jioni, baada ya kumwaga maji kwenye njia ili unyevu upande. Majani mapya ya juu ni kijani. Ya chini yaliyoungua hayakupona, nimeyakata. Utitiri bado upo, nagonga karatasi kila Jumatano nakuta watano au kumi badala ya lile vumbi.

Fundi alikuja akanifungia mlango wa pili. Siku ya kwanza sinia la mtego lilikuwa na nondo 34, jana walikuwa 6. Chlorantraniliprole nilipiga mara moja tu. Kreti nilizopeleka Soko la Wakulima si nyingi, lakini gharama imerudi.

Managu ndiyo yaliyokuwa magumu. Mama aliniambia kitanda chake kilikuwepo kabla ya plastiki yangu, na ni kweli. Nikamgeuzia jani moja, nikampa lenzi. Alitazama kimya muda mrefu, akaniuliza, "Na hivi ndivyo tumekuwa tukila?" Jumapili tulilima kitanda kipya upande wa pili wa nyumba, karibu na zizi, nikabeba mbolea mwenyewe. Cha zamani tulichoma.

Mama_Atieno
Mama yako ana akili. Hayo managu yake ni ya majani mapana au yale madogo machungu?

MkulimaKiamunyi
Mapana. Anasema mbegu anayo, nikutumie kwa matatu ya Kisumu?

Mama_Atieno
Tuma. Nitaipanda mbali na neti.