Acheni kutupimia maji peke yake, sumu iko kwenye tope!

Wakuu, leo nina hasira na siifichi. Kila wavuvi wakipeleka malalamiko kuhusu samaki, jibu ni lile lile: sampuli za maji zimepimwa, ziko ndani ya kiwango, endeleeni kula. Maji! Nani aliuliza habari za maji?

Metali zenye sumu kama zebaki, risasi (metali yenyewe, si ya bunduki) na kadimi zikiingia mtoni au ziwani, sehemu kubwa hujishika kwenye chembe laini za udongo na mabaki ya mimea, kisha huzama nazo. Ndiyo maana maji ya juu yanaweza kuonekana safi maabara huku tope la chini limejaa sumu. Na hizi si taka za kuoza. Risasi haivunjwi na bakteria wala jua, inabaki risasi. Mafuriko yakitibua tope, au maji yakizidi tindikali, sehemu yake inarudi kuzunguka upya.

Halafu analetwa mtu na mtambo wa kuchimbua tope. Hapo ndipo damu inanichemka. Linachimbuliwa bila kupimwa, linamwagwa kingoni, na watu wanalizoa kurutubishia bustani za mboga. Hakuna aliyewaambia kitu.

Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote. Kwenye tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki yenye sumu kali, na hiyo hujishika kwenye protini, yaani mnofu wenyewe. Msidanganywe kwamba kutoa ngozi na mafuta, au kuchemsha sana, kutaiondoa. Inazidi kila hatua: mdudu wa topeni, samaki mdogo, samaki mla samaki. Yule mkubwa, mzee, ambaye kila mtu anamgombea, ndiye kwa kawaida mwenye nyingi zaidi. Mjamzito akimla mara kwa mara, anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwenye ubongo unaojengeka.

Kadimi na risasi zina tabia nyingine. Hujaa zaidi kwenye ini, figo, matamvua na mifupa. Kwa hiyo hata huyo anayejisifu kapima samaki, kama kakata kipande cha mnofu tu, hajamaliza kazi. Na samaki wadogo wanaoliwa wazima na matumbo yao je?

Kuna wanaosema tusubiri, mto utajisafisha. Waangalie mto Wabigoon, Ontario, Kanada. Kiwanda kilimwaga humo takriban tani 9 za zebaki kati ya 1962 na 1970. Zaidi ya miaka 50 imepita, samaki wa mto huo bado wana zebaki, na watu wa Grassy Narrows, jamii ya wenyeji wa asili walio mkondo wa chini wa kiwanda hicho, bado wanaugua. Huko angalau walipima wakajua.

Ninachotaka si hotuba. Pimeni tope, hasa lile laini la kwenye vina na mikondo ya taratibu. Pimeni samaki kwa aina na ukubwa, mnofu kando, ini kando. Matokeo yabandikwe mialoni, kwa lugha ambayo mvuvi anaisoma mwenyewe.

Kama humu kuna anayefanya kazi kwenye maabara hizo, ajitokeze atuambie: tope halipimwi kwa sababu hakuna vifaa, au kwa sababu kuna mtu hataki lipimwe?