Naomba ushauri: skana ya zamani inapoteza mazungumzo ya bendi ya 800 MHz

Habari zenu wakuu. Niko Marekani. Mzee jirani yangu aliniachia skana yake ya miaka ya tisini, yaani redio ya kusikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto. Jioni tulikuwa tunakaa kibarazani tukisikiliza zimamoto, hivyo naithamini sana.

Shida ni bendi ya 800 MHz. Mwaka 2004 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliamua kuipanga upya kwa kuwa minara ya simu ilikuwa inaingilia redio za polisi na zimamoto. Masafa mengi ya usalama yakashushwa MHz 15, mfano kutoka 866 hadi 851. Nimeingiza masafa mapya kwa mkono, moja moja. Chaneli ya kuongozea, ile inayoiambia skana mazungumzo yako kwenye masafa gani, naipata, ule mkwaruzo wake unasikika safi kabisa, lakini mtu akianza kuongea skana inarukia masafa matupu. Nadhani chaneli hiyo inatuma namba tu, na skana bado inazigeuza kuwa masafa kwa jedwali la zamani la namba za chaneli. Mfumo wa hapa ni wa analogi, kwa hiyo tatizo si dijitali.

Je, jedwali hilo linabadilishika kwenye skana za zama hizo? Au ninunue kile kipokezi cha USB cha kuchomeka kwenye kompyuta? Kwa kweli sitaki kuiweka hii kabatini. Aliyewahi kuhangaika nayo anisaidie.