Barolo: mbona rangi imepauka hivi halafu inakausha mdomo?

glasi_nusu: Wakuu naomba kueleweshwa. Kila nikisoma naambiwa Barolo ndo mfalme wa waini za Italia, nikawa nategemea kitu cheusi kizito, kumbe kinachomiminwa ni wekundu mwepesi unaona vidole upande wa pili wa glasi, pembeni imeanza kama kutu, halafu ukimeza fizi zote zinakauka utadhani umetafuna ndizi mbichi. Lebo ilisema 2020. Ndo inavyotakiwa au chupa imeharibika?

mzee_wa_pipa: Haijaharibika mkuu, hiyo ndo Nebbiolo yenyewe. Ni zabibu yenye rangi kidogo na hiyo kidogo nayo inapotea haraka ikikutana na hewa, ila tanini imejaa, ndo hiyo ilikukamata fizi. Na kule Piemonte, mkoa wa kaskazini-magharibi mwa Italia inakotoka, sheria hairuhusu uipige jeki na zabibu nyingine, Barolo ni Nebbiolo asilimia 100 basi. Lazima ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao, na ikiwa Riserva, yani ile inayokaa zaidi kabla ya kuuzwa, ni 62. Sasa ya 2020 imeruhusiwa kutoka Januari 2024, bado kitoto kabisa hicho. Imimine kwenye jagi masaa kadhaa kabla, usiinywe ya baridi sana, kisha inuse taratibu, utapata waridi na kitu kama lami. Usicheke, lami kweli, wapenzi wa Barolo wanaitafuta hiyo.

kilima_na_udongo: Naongezea, inategemea pia imetoka kilima gani. Eneo lenyewe ni vijiji 11 tu kwenye vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba. Upande wa La Morra na kijiji cha Barolo chenyewe waini inakuwa na harufu nzuri na inalainika mapema, ukienda Serralunga d'Alba au Monforte udongo ni wa kale zaidi na waini inakaza, hiyo unaisubiri miaka. Ndo maana tangu 2010 majina ya mashamba kama Cannubi, Brunate na Bussia yamewekewa mipaka rasmi, ukiyaona kwenye lebo ujue si mapambo. Bei nayo inatokea hapohapo, ardhi haiongezeki na Nebbiolo haikubali kupandwa popote, inataka mteremko wenye jua maana inaiva kwa kuchelewa, Oktoba mara nyingi.

mzee_wa_pipa: Na mjue kuna ugomvi mkubwa ulipita pale. Wazee walikuwa wanaloweka maganda wiki kwa wiki halafu wanaweka kwenye mapipa makubwa ya mwaloni ya zamani, yani mbao haiachi ladha. Miaka ya 80 vijana wakaja na vipipa vidogo vipya vya Kifaransa na kuloweka siku chache, waini itoke laini mapema. Mmoja wa hao vijana, Elio Altare, alichukua msumeno wa injini akakata mapipa ya baba yake, mzee akamnyima urithi! Upande wa wazee, mzalishaji Bartolo Mascarello akachora lebo kwa mkono wake, "No Barrique No Berlusconi" (barrique ndo hivyo vipipa vidogo, Berlusconi ni yule mwanasiasa wa Italia), siasa na pipa pamoja. Mimi niko na Mascarello, vanila ya mbao mpya inafunika waridi lote, lakini tuseme ukweli wale vijana ndo waliosafisha maghala na kupunguza vichala kwenye mizabibu, na siku hizi wengi wanachanganya njia zote mbili.

glasi_nusu: Asanteni sana aisee. Sasa kwa mtu asiye na subira wala hela ya Barolo, nianzie wapi?

kilima_na_udongo: Tafuta Langhe Nebbiolo, zabibu ileile na mara nyingi wazalishaji walewale, haina masharti ya miaka ya kungoja na bei inapumua. Ukiipenda panda Barbaresco, ni waini ya jirani ya Nebbiolo hiyohiyo, inangoja miezi 26 tu. Na chochote utakachofungua, weka nyama au jibini mezani, tanini ikikutana na mafuta inatulia yenyewe.