MREJESHO: Kile kiputo cha hewa kwenye OpenFOAM

Wakuu habari, narudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuona swali, nilikuwa nasimuleti kiputo cha hewa kinapanda kwenye maji kwa interFoam (solva ya OpenFOAM, programu huria ya kusimuleti mwendo wa vimiminika na gesi), mpaka wa maji na hewa unafifia tu halafu kasi pembeni ya kiputo zinaruka hovyo mpaka ran (simulesheni) inakufa.

Nimewasha adjustTimeStep (hatua ya muda ijirekebishe yenyewe) na kushusha maxAlphaCo (kikomo cha sehemu ya seli ambayo mpaka unaweza kuvuka kwa hatua moja) kutoka 1 hadi 0.2 kama mlivyosema, ran haifi tena ila iko slo balaa. Kupandisha cAlpha (nguvu ya kubana mpaka) sikuipenda, mpaka unakaza kweli lakini kiputo kinaota kona kona. Kilichonisaidia zaidi ni kuhamia interIsoFoam (solva nyingine ya OpenFOAM inayofuata uso wa mpaka kijiometri), sasa alpha.water (sehemu ya maji kwenye kila seli) inatoka 0 mpaka 1 ndani ya seli mbili tatu tu, safi sana.

Ule ushauri wa kupunguza saizi ya meshi (seli ndogo zaidi) ili kasi za uongo, yaani zile zinazoruka pembeni ya kiputo, ziishe, hapana aisee. Nilizima graviti, kiputo kinatakiwa kitulie tuli, bado vimikondo vinazunguka kando yake na meshi ikiwa ndogo vinazidi, maana shida iko kwenye kukadiria mkunjo wa uso kutoka kwenye alpha.

Kiputo cha milimita 5 kinapanda kwa kama sm 23 kwa sekunde, inaendana na vipimo vya maabara. Cha milimita 1 bado kimegoma, hapo mvutano wa uso ndio bosi.

Asanteni sana, hasa aliyenitumia controlDict (faili la mipangilio ya ran) yake. Mwenye dawa ya hicho cha milimita 1 atupie hapa.