MREJESHO: Tovuti zilizokuwa hazifunguki bila maelezo yoyote

Wakuu, nimerudi na majibu. Niliuliza kwa nini tovuti mbili, ya programu huria na ya vitabu vya zamani visivyo na hakimiliki tena, zilikuwa hazifunguki nyumbani ilhali kwa laini ya simu zinafunguka. Asanteni sana wote mliojibu.

Nilianza na ushauri wa kubadilisha DNS (mfumo unaotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya namba) kwenye ruta, nikaweka 1.1.1.1, seva ya DNS iliyo wazi kwa umma. Ya programu ilifunguka papo hapo. Kumbe seva ya DNS ya mtoa huduma wangu wa intaneti ndiyo iliyokuwa ikirudisha jibu la uongo kwamba jina halipo.

Ya vitabu iligoma. Aliyesema zuio limewekwa kwenye anwani ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) alikuwa sahihi: inatumia anwani moja na tovuti ya filamu za wizi, wakazifungia zote kwa pamoja. Austria yalitokea hayohayo mwaka 2022, anwani za Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake kwa anwani za pamoja, zilipozuiwa na tovuti nyingi zisizo na hatia zikazimika. Kwa VPN (huduma inayopitisha mawasiliano yangu kwenye seva nyingine) ya vitabu inafunguka, ila kasi inashuka.

Niliwaandikia pia watoa huduma kama mlivyoshauri. Wamekiri kuna orodha ya kuzuia. Kuondoa zuio bado. Kinachoniuma ni huo usiri. Tangu 2016 upo msimbo rasmi, 451, wa kumwambia msomaji kuwa ukurasa umezuiwa kisheria. Wangeuonyesha tu, nisingehangaika kukagua ruta.

Mwenye tovuti ya vitabu nimemtaarifu, anatafuta anwani nyingine.