"Get" siyo "pata" tu: nawafundishaje Kidato cha Kwanza?

MwalimuKongwa
Wakuu, salaam. Nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, shule ya kata. Watoto wametoka msingi za Kiswahili na "get" kwao ina tafsiri moja, pata. Kwenye ufahamu wanakutana na "get to Dodoma", "get tired", "get off the bus" na "get the roof repaired", na majibu yanakuja "pata choka", "pata basi". Nina vipindi vitatu vya dakika 40. Nianzie wapi, niache nini?

Nzuguni_B
Mwalimu, orodha ya maana iache kwenye kamusi, haiishi. Wazoeshe kutazama kinachokuja baada ya "get", maana ndicho kinachoamua.

Ikija nomino, ni pata, pokea, nunua au leta: "get a letter", "get two kilos of rice at Majengo market". Hapo wako sawa, pita haraka.

Kikija kivumishi, ni kubadilika hali. Kiswahili hakihitaji neno la pili kwa sababu kitenzi chenyewe kimebeba badiliko: "get tired" ni choka, "get wet" lowa, "get angry" kasirika, "get old" zeeka. Weka jozi ubaoni: "The grapes are ripe", zabibu zimeshaiva; "The grapes are getting ripe", zinaanza kuiva. Wakiona hiyo tofauti, "pata choka" inakufa yenyewe.

Pakija mahali, ni fika: "get to Dodoma", "get to school". Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to", kwa hiyo "get to home" ni kosa. Angalia na saa pia. "We got to Dodoma at nine" ni saa tatu. Mtoto anaweza kuelewa kitenzi vizuri kabisa akakosa swali kwa kuandika saa tisa.

Vyombo vya usafiri wafundishe pamoja. Basi, daladala, treni, baiskeli na bodaboda ni "get on" na "get off". Gari dogo, teksi na bajaji ni "get into" na "get out of". Kipimo rahisi: chombo cha abiria wengi, au unachokalia kwa kutanua miguu, kinachukua "on". Chombo kidogo unachoingia na kuketi hapo hapo kinachukua "into".

Alizeti_Singida
Niongeze kwenye "get the roof repaired", maana hapa kosa haliko kwenye Kiingereza, liko kwenye mazoea yetu ya kusema. Tunasema "nimekata nywele" wakati aliyekata ni kinyozi, "nimeshona sare" wakati cherehani ni ya fundi. Mtoto akiandika "I have cut my hair", msomaji anaelewa alishika mkasi mwenyewe.

Muundo ni get, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu, lile la go, went, gone: "I got my hair cut", "They got the roof repaired". Kitu lazima kikae katikati. "They got repaired the roof" haikubaliki. Ukimtaja mtendaji, kitenzi kinachukua "to": "We got the mechanic to repair the pump". Wanachanganya na "make", ambayo haitaki "to": "made him repair it". Na maana si ile ile. "Get" ni kuomba au kushawishi hadi akubali, "make" ni kulazimisha.

Kabla ya Kiingereza, wape sentensi tano wazigeuze kwa Kiswahili: nimeshona iwe nimeshonesha, amejenga iwe amejengesha. Wakishamtenganisha mwenye kazi na fundi, "get" inaingia bila taabu. Mimi ningetoa kipindi kizima kwa hili.

KilimaniDom
Na upande wa pili je? Kuna pata nyingi ambazo si "get", nazo zinaharibu insha kuliko ufahamu. "Nilipata ajali" ni "I had an accident", siyo "I got an accident". Amepata mtoto ni "she had a baby". Tumepata hasara, "we made a loss". Kupata chakula cha mchana, "have lunch". Kinyume chake, "amepata nafuu" inakubali "get": "he has got better".

Halafu "kuoana na" inawaponza. Ni "get married to", siyo "with".

MwalimuKongwa
Nashukuru sana. Mawili yamebaki: "gotten", na ile "my bag got stolen". Niwaruhusu kuiandika kwenye mtihani?

Nzuguni_B
"Gotten" ni ya Marekani. Sisi tunafuata Kiingereza cha Uingereza: get, got, got. Waambie ipo ili wasishangae wakiiona, lakini wasiandike.

"Got stolen" ni sahihi, ila ni ya mazungumzo. Swali likisema wageuze sentensi iwe ya kutendwa, waandike "was stolen". Na "get" yenye maana ya pokea yenyewe haigeuzwi: "A letter is got by Asha" hakuna anayesema hivyo, waende kwenye "received".

Kingine, matamshi. Wapo wanaosoma g ya "get" kama ya "gender", kwa sababu wamefundishwa kwamba g mbele ya e hulainika. Neno hili lilitoka kwa Wanorse wa kale, watu wa kaskazini mwa Ulaya, "geta", likabaki na g yake ngumu. "Give" nayo ina g hiyo hiyo, zisomeshe pamoja.